Nyumba za Kijamii Mijini na Mashambani: Yafahamu Haya Kabla ya Kulipa

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Ili kuitekeleza haki hiyo, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imewagawa wahitaji kwa mapato yao. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi amelengwa na nyumba za kijamii. Wa shilingi 20,000 hadi 149,000 amelengwa na nyumba za bei nafuu. Anayezidi hapo ana kundi lake, na wakazi wa nje ya miji wametengewa kundi la nyumba za mashambani.

Kipimo cha mapato ya nyumba za kijamii ni kimoja, lakini mahitaji hayafanani. Jijini Nairobi, mwenye kipato kidogo aghalabu hana kiwanja; anahitaji nyumba iliyo karibu na kazi yake, la sivyo nauli itameza nafuu aliyoipata kwenye kodi. Katika miji midogo na vijijini, wengi wana ardhi ya familia ila hawana fedha za kujenga. Huyu huenda akafaidika zaidi na mkopo wa ujenzi kuliko chumba ghorofani. Kwa hiyo, jiulize kwanza: ninachokosa ni ardhi, nyumba au fedha?

Ukishapata jibu, zingatia mambo matatu.

Kwanza, ushuru wa nyumba si akiba yako. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Anayelipwa shilingi 18,000 hukatwa shilingi 270, na mwajiri hutoa 270 nyingine. Makato hayo hayakuhakikishii nyumba wala hayahesabiwi kuwa amana yako. Anayetaka nyumba sharti ajisajili na kutuma maombi kupitia Boma Yangu.

Pili, mtu mmoja hupewa nyumba moja tu, na mnunuzi haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Mtu akikuuzia nafasi yake, mwombe idhini hiyo. Akikosa kuionyesha, usimpe hata shilingi moja.

Tatu, ukikopa kwa kuweka rehani hatimiliki ya shamba, fahamu kwamba ukishindwa kulipa, ardhi inaweza kuuzwa. Iwapo boma la ndoa limo katika ardhi hiyo, sheria inataka mwenzi wako akubali. Kaeni pamoja, mhesabu malipo ya kila mwezi, mkikumbuka miezi isiyo na mavuno wala kibarua.

Tunakushauri usome mkataba wote kabla ya kutia sahihi, uulize usichokielewa, na uhifadhi kila stakabadhi. Nyumba ni ya miaka mingi. Siku chache za kuuliza si hasara.