Frateri, na Wewe Umepima?



Leo naomba nianze kwa kuungama. Kwa padre nilishaungama, lakini nadhani na ninyi mna haki ya kusikia, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu wengi.

Nilipomaliza falsafa nilitumwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji. Jumapili moja wauguzi wa zahanati ya jirani walikuja viwanja vya kanisa kupima watu presha na sukari bure baada ya Misa ya pili. Paroko akanipa kazi ya kutangaza. Jamani, nilitangaza! Nikawaambia waamini kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu halikaguliwi siku paa limeshaanguka. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Misa ilipoisha foleni ikafika hadi kwenye groto ya Bikira Maria.

Mimi? Nilikuwa napanga viti. Nikagawa maji. Nikaonyesha wazee pa kukaa. Ilimradi nisikae kile kiti cha mbele ya muuguzi.

Mama mmoja wa jumuiya, umri wa mama yangu mzazi, aliyekuwa anasubiri zamu yake kwenye benchi, akaniuliza kwa upole, "Frateri, na wewe umepima?"

Nikamjibu, "Ndiyo mama, nilipima asubuhi."

Ulikuwa uongo. Tena nimevaa kanzu nyeupe, dakika chache baada ya kupokea Komunyo.

Kwa nini nilidanganya? Baba yangu alifariki kwa kiharusi nikiwa kidato cha tatu. Hakuwa mtu wa kuumwa. Alilima, alipanda baiskeli, alicheka kwa sauti. Tulijua kwamba ana presha siku ileile aliyoanguka. Kaka yake alikuwa ameondoka vivyo hivyo. Kwa hiyo miaka yote nilijua kuwa na mimi nipo kwenye mstari huo, na nikaamua kutojua zaidi. Nilijisemea: wakinikuta na kitu, huenda nitarudishwa nyumbani, na upadre ndiyo basi tena. Bora nisipime.

Usiku ule, kwenye sala ya kufunga siku, tulifika mahali pa kutafiti dhamiri. Nikaona kichekesho changu mwenyewe. Kila usiku namwomba Mungu anionyeshe yaliyofichika rohoni, halafu mchana namkimbia muuguzi asinionyeshe yaliyofichika mwilini. Jumatatu nikavua kanzu, nikaenda zahanati kama kijana mwingine yeyote.

Mashine ikasoma 152 kwa 98. Muuguzi akaniambia nisihukumu kwa kipimo cha siku moja, kwa sababu hata hofu na kutembea haraka vinaweza kupandisha presha. Nikarudi siku nyingine: 148 kwa 96. Mara ya tatu, karibu vilevile. Presha huhesabiwa kuwa ya juu inapofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti. Kwa hiyo nilikuwa nayo, na nina miaka 26. Wakanipima figo, wakakuta ziko salama. Daktari akanipa masharti: chumvi kidogo, mazoezi, kidonge kimoja kila siku bila kuruka.

Kisha likaja lililonitisha kuliko yote, kumwambia mlezi wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Afadhali frateri anayejua anaumwa kuliko padre anayeanguka altareni bila kujua." Basi. Sikurudishwa nyumbani.

Katika safari hiyo nimejifunza mambo matatu, ndiyo nataka tuyatafakari.

1. Kipimo hakileti ugonjwa

Darasani tulifundishwa kwamba ukweli ni pale akili inapokubaliana na kitu kilivyo. Niliandika hilo kwenye mtihani na nikapata maksi nzuri, ila sikuliishi. Mashine haikuniletea presha. Ilikuwepo tayari, inafanya kazi yake kimyakimya kwenye mishipa, moyo na figo. Kipimo kimeniambia tu kilichopo. Kutopima hakukunifanya mzima, kulinifanya mgonjwa asiye na taarifa. Na wa aina hiyo ni wengi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo, kwa sababu mara nyingi haina dalili yoyote.

Kumbuka wale wakoma kumi wa Luka 17. Yesu aliwatuma kwa makuhani wakajionyeshe. Katika Sheria ya Musa (Walawi 13 na 14) kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutangaza nani ni safi. Kwa lugha ya leo tungesema Yesu aliwatuma wakachunguzwe. Nao wakaondoka hivyohivyo na ukoma wao, wakatakasika wakiwa njiani. Imani yao ilikuwa na miguu. Haikuwazuia kukaguliwa, iliwapa ujasiri wa kwenda.

2. Kumtegemea Mungu siyo kumjaribu

Huwa tunasema, "Mimi nimejikabidhi kwa Mungu, hayo ya hospitali hayanihusu." Inasikika vizuri. Lakini shetani naye alipompandisha Yesu juu ya hekalu (Mathayo 4) alimshauri ajirushe kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu alikataa, akaita jambo hilo kumjaribu Mungu. Kukaa miaka kumi bila kupima huku kwenu presha inajulikana, na kuita hiyo imani, ni kujirusha polepole.

Kanisa halifundishi hivyo. Yoshua bin Sira sura ya 38 inatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zatoka kwake. Katekisimu namba 2288 inaita uhai na afya zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na inatudai tuzitunze ipasavyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapoeleza fadhila ya busara, anataja ndani yake kuona mbele na kuchukua tahadhari. Mtakatifu Yosefu Moscati, aliyefariki mwaka 1927, alikuwa daktari wa hospitali huko Napoli, na utakatifu wake aliuishi akiwahudumia wagonjwa. Na hapa kwetu, kama Kanisa lingeona dawa ni upungufu wa imani, Hospitali ya Bugando pale Mwanza ingejengwa kwa ajili gani?

3. Mwili wako si wako peke yako

Baba alipoanguka, hakuanguka peke yake. Mama aliuza ng'ombe wawili, dada yangu aliacha chuo mwaka mzima. Simlaumu baba, hakuna aliyemwambia. Lakini mimi nimeambiwa, na wewe sasa umeambiwa. Kupima ni tendo la upendo kwa watakaokuuguza.

Hasa ninyi mlio wachumba. Pimeni VVU pamoja, kabla ya ndoa. Anayekutwa navyo, akatumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mwenzi wake katika tendo la ndoa. Pimeni pia selimundu. Kama wote wawili mmebeba vinasaba vyake, hata kama hamuumwi, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huo. Sisemi hili ili muachane. Nasema ili "ndiyo" yenu mbele ya altare isemwe na watu wanaojua wanachokikubali.

Tuanzie wapi?

Presha ipime angalau mara moja kwa mwaka, hata kama una miaka 20 na unacheza mpira kila jioni. Inachukua dakika chache. Sukari pia, hasa kama nyumbani kuna mwenye kisukari au uzito wako umezidi. Pima homa ya ini aina ya B. Ukikutwa huna, unaweza kupata chanjo. Wakumbushe mama zako na dada zako wenye miaka 30 na kuendelea wakachunguzwe mlango wa kizazi (anayeishi na VVU huanza mapema zaidi). Saratani hiyo huchukua miaka mingi kukua, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Wahenga walishamaliza: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno moja la tahadhari kwetu sisi wa vikundi. Majibu ya mtu ni siri yake. Tukienda kupima pamoja, tusirudi tukiulizana kwenye kundi la WhatsApp nani amekutwa na nini. Na ndugu akikutwa na tatizo, tusianze kumtafutia dhambi. Wanafunzi walifanya hivyo kwa yule aliyezaliwa kipofu (Yohana 9), wakauliza ni nani aliyekosa. Yesu hakukubali swali lao. Ugonjwa siyo adhabu, na kipimo kizuri siyo cheti cha utakatifu.

Maswali ya kutafakari

1. Ni kipimo gani ninachokikwepa, na ninaogopa nini hasa?
2. Nani ataumia kama nikianguka ghafla?
3. Je, kuna mahali ninaita "imani" kitu ambacho kwa kweli ni woga?

Zoezi la wiki: Chagua siku moja kabla ya Jumapili ijayo. Mchukue mwenzako mmoja, au mzazi wako, mwende zahanati mkapime presha. Wewe ukae kwenye kiti kwanza.

Yule mama nilimtafuta baadaye. Nikamwambia ukweli kwamba siku ile nilimdanganya, na kwamba sasa nimepima na ninatumia dawa. Akacheka, akanishika mkono. "Nilijua, Frateri. Ulivyokuwa unapanga vile viti, nilijua tu. Hata mimi ilinichukua miaka."

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliwagusa wakoma bila kuwaogopa. Tunakuletea miili yetu kama ilivyo, na yale tusiyoyajua ndani yake. Utuondolee hofu ya kujua ukweli. Uwabariki madaktari na wauguzi, uwafariji waliopokea majibu magumu wiki hii, na utupe miguu ya kwenda. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Amina.

Ndimi frateri wenu, mwenye kidonge kimoja kila asubuhi. Mungu awabariki.