Stesheni ya Kalterherberg na Ardhi Iliyobaki

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike jambo la historia, nami nimechagua stesheni moja ndogo ya gari moshi iliyoko shamba, mbali sana na sisi, katika pembe ya magharibi ya Ujerumani. Najua wengine watacheka na kuuliza, "Je, hapa kwetu hakuna stesheni?" Zipo, na moja ya hizo ndiyo iliyonipeleka mpaka huko.

Kwetu ni kando ya njia ya reli itokayo Mombo kwenda Moshi. Marehemu baba yake babu alifanya kazi ya njia, na babu naye akairithi. Alitembea juu ya mataruma na nyundo yake akikaza misumari. Mimi nilipozaliwa magari ya abiria yalikuwa yamekwisha koma. Bibi akapanda mihogo hata chini ya tuta la reli, akisema kwamba reli imekufa na mfu hana shamba. Babu hakukubali. "Reli imelala," alisema, "na hata ikifa, ardhi yake ina mwenyewe." Walibishana hivyo miaka mingi mpaka gari lilipopita tena mwaka 2019. Bibi aling'oa mihogo yake kimya kimya, nayo haijakomaa. Mimi nikabaki na swali: ikiwa reli yang'olewa kabisa, isibaki hata taruma moja, ardhi iliyokuwa chini yake huwa ya nani? Nilimwuliza mwalimu wetu wa Jiografia. Hakunijibu, ila alinifungulia ramani ya mpaka wa Ujerumani na Ubelgiji, akaniacha nayo.

Ewe msomaji, nawe itazame ramani hiyo, kusini ya mji wa Aachen. Mpaka wa nchi mbili kwa kawaida hufuata mto au kilele cha milima, au hupigwa mstari kwa rula kama ule wetu na Kenya. Huu haukufanya hivyo. Utaona utepe mwembamba wa Ubelgiji, usiozidi upana wa tuta la reli na viwanja vya stesheni zake, unaingia ndani ya Ujerumani, unapita kando ya vijiji vya Kijerumani, kisha unarudi kwao. Kila kipande cha Ujerumani kilichoangukia upande wa magharibi wa utepe huo kimezungukwa na Ubelgiji pande zote. Ni kisiwa, ila bahari yake ni nchi kavu. Utepe wenyewe ni njia ya reli iliyoitwa Vennbahn, na Kalterherberg ni mojawapo ya stesheni zake. Kijiji ki Ujerumani, na stesheni yake i Ubelgiji.

Jina Kalterherberg maana yake ni nyumba baridi ya wageni, nami nasadiki hawakulitoa bure. Kijiji kiko katika vilima vya Eifel, zaidi ya mita 500 juu ya bahari, karibu na nyika ya kinamasi iitwayo Hohes Venn. Mvua na theluji ni nyingi, na upepo wa magharibi huvuma kwa ukali hata wenyeji wamepanda miti kwa safu upande huo wa nyumba zao, wakaikata ikawa ua mnene unaofika kwenye paa. Zamani watu wa huko walikuwa maskini, kwa kuwa udongo wa kinamasi hauzai sana.

Walakini reli haikujengwa kwa ajili yao. Karibu na Aachen kulikuwa na makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Kusini, katika Luxemburg na Lorraine, kulikuwa na mawe yenye chuma. Kiwanda chataka vyote viwili, na katikati palikuwa na vilima vile vya baridi. Basi serikali ya Prussia ikajenga njia ya kuviunganisha. Sehemu ya kwanza, kutoka Rothe Erde pale Aachen mpaka Monschau (siku hizo mji huo ukiitwa Montjoie), ilifunguliwa tarehe 30 Juni 1885. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo magari yakaanza kupita Kalterherberg mpaka Weismes, na mwaka 1889 njia ikafika Luxemburg. Koki ilishuka kusini, mawe ya chuma yakapanda kaskazini, na watu wa Kalterherberg wakapata stesheni kwa sababu tu walikuwa njiani. Wanafunzi wa kidato cha pili watakumbuka kwamba 1885 ndio mwaka ambao Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi barua ya kuzichukua chini ya ulinzi wake nchi ambazo Carl Peters alidai kuwa amezipata huku kwetu.

Ikaja Vita Kuu ya 1914, Ujerumani ukashindwa. Hapa ndipo stesheni yetu ilipohama nchi bila kusogea hata hatua moja.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliupa Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy. Wenyeji waliulizwa shauri lao mwaka 1920, lakini sikilizeni waliulizwaje: asiyetaka kuwa chini ya Ubelgiji na aende akaandike jina lake katika daftari la wazi, mbele ya wakubwa wapya. Kati ya watu zaidi ya 33,000 waliokuwa na haki ya kuandika, walioandika ni 271 tu. Kila mwaka sisi hunung'unika tunapochagua viranja kwa kunyosha mikono huku mwalimu wa zamu anatazama. Nadhani twawaelewa watu wale kuliko wanavyoweza kueleweka na wengi.

Wilaya ya Monschau, pamoja na Kalterherberg, haikutolewa. Lakini reli ilikuwa na ukaidi wake: ilitoka katika nchi ya Eupen, ikapita ndani ya wilaya ya Monschau, ndipo ikaingia nchi ya Malmedy. Wabelgiji wakasema kwamba wakipewa vipande viwili bila ya njia ya kuviunganisha, wamepewa nusu tu. Wajerumani wakapinga vikali, wakisema haijapata kuonekana nchi inayopeleka mpaka wake ufuate gari moshi. Tume ya mipaka ilikata shauri mwaka 1920 kuwa reli iwe ya Ubelgiji, tuta lake na stesheni zake. Ndivyo vilivyozaliwa vile visiwa vya Ujerumani. Leo vimebaki vitano: Münsterbildchen, Rötgener Wald, Rückschlag, Mützenich na Ruitzhof. Mützenich ni kijiji kizima. Rückschlag ni nyumba na uwanja wake. Ruitzhof ni kitongoji cha Kalterherberg hasa, kilichotengwa na mama yake kwa upana wa reli.

Nitatoka njiani kidogo, kwa kuwa jambo hili latugusa. Mkataba ule ule wa Versailles ndio ulioondoa utawala wa Wajerumani huku. Tanganyika ikashikwa na Waingereza, na Ruanda-Urundi ikashikwa na Wabelgiji hao hao. Nao huku pia walifikiri habari za reli: mwaka 1921 walipatana na Waingereza wapewe mahali pa bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite kwa gari moshi mpaka baharini. Nilipolisoma hili niliacha kuiona Kalterherberg kuwa mbali.

Haya, turudi. Mwaka 1940 Hitler aliirudisha nchi yote ile kwa nguvu, na reli pamoja nayo. Mwezi wa Septemba 1944 majeshi ya Marekani yaliingia Roetgen, kijiji kilicho juu ya njia hii hii. Vita ilipokwisha, madaraja yalikuwa yamevunjwa na mpaka ukarudi ulipokuwa. Upande wa kusini, kutoka Sankt Vith mpaka Luxemburg, reli haikuungwa tena. Basi kazi iliyoizaa njia, ya kubadilishana koki na mawe ya chuma, ikawa imekwisha. Kilichobaki ni mpaka.

Na mpaka nao ulipata biashara yake, ambayo watu wa kwetu walimao kahawa wataipenda. Tangu mwaka 1948 Ujerumani ya Magharibi ilitoza kodi ya marka 10 kwa kila kilo ya kahawa. Ubelgiji kahawa ilikuwa rahisi. Fikiri sasa: Ubelgiji umelala nyuma ya nyumba yako, na Wajerumani wenzako wako ng'ambo ya tuta. Wanaume, wanawake na hata watoto walibeba kahawa usiku kupita msituni na kwenye nyika. Askari wa forodha walipiga risasi, na wako waliokufa kwa ajili ya mfuko wa buni. Katika kijiji cha Schmidt, upande wa mashariki, kanisa la Mtakatifu Hubertus lililovunjwa vitani lilijengwa tena, na wafanya magendo walichanga fedha, hata watu wakalibandika jina la Mtakatifu Moka. Kodi ilipunguzwa sana mwaka 1953, na magendo yakafifia. Mkataba wa mwaka 1956 kati ya nchi mbili hizo ulirekebisha mpaka mahali kadha wa kadha, lakini reli ikaachwa kwa Ubelgiji.

Kuanzia hapo habari ni fupi. Abiria walipungua, mizigo ikahamia kwenye malori, majani yakaota. Mwaka 1990 chama kimoja kilianza kupeleka magari ya watalii, nayo yakafika tena Monschau na Kalterherberg, mpaka 2001 yakakoma. Miaka ya 2007 na 2008 reli ziling'olewa katika sehemu kubwa ya njia.

Ndipo likaulizwa swali langu, na waulizaji walikuwa wakubwa kuliko mimi. Magazeti ya huko yaliandika: Ubelgiji ulipewa ardhi hii kwa ajili ya reli, na sasa reli hakuna, je, ardhi haitarudi Ujerumani, na vile visiwa vitano visiungane na nchi yao? Mimi niliposoma mpaka hapo nilimwona bibi ameshinda. Lakini serikali zilijibu kuwa mpaka hautabadilika. Mkataba ulitoa ardhi, na ardhi haikung'olewa pamoja na vyuma. Hata leo utepe ule ni Ubelgiji, na mwenye nyumba ya Rückschlag akitoka mlangoni kwenda kijijini Konzen huvuka nchi ya kigeni kwa hatua chache. Hakuna askari anayemwuliza hati, maana nchi zote mbili zimekwisha kubaliana watu wapite bila kukaguliwa.

Juu ya tuta imetengenezwa njia ya baiskeli ya kilometa 125, toka Aachen mpaka Troisvierges katika Luxemburg, iliyofunguliwa yote mwaka 2013. Kwa sababu ilikuwa ya magari mazito ya mawe ya chuma, haina mwinuko mkali, hata mzee aweza kuipanda. Wapandaji hupita Kalterherberg wakaingia Ubelgiji na kutoka mara nyingi kwa siku moja, na wengi nadhani hawajui.

Likizo iliyopita niliwasomea babu na bibi maandiko haya. Babu alifurahi, akataka nirudie pale serikali zilipojibu. Bibi alinyamaza kitambo, akauliza kama kando ya njia hiyo ya baiskeli wamepanda chochote. Nikamwambia wametia lami. Akasema wamepoteza mahali pazuri.