Masomo mazito na fratenati: tuchague chuo gani?

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha sita na anaomba vyuo vya Marekani. Anataka masomo mazito, na pia fratenati, vile vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume. Tuchague vipi?
Mzazi, Dar es Salaam

JIBU: Mzazi mwenzangu, tangulizeni masomo na ada. Chuo kisicho na fani anayoitaka, au msichokimudu, kiondoeni mapema.

Kisha tazameni fratenati. Rice, cha Houston, ni bora kimasomo lakini hakina hata moja. Dartmouth na Cornell vina yote mawili, ila taratibu zinatofautiana. Cornell huruhusu kujiunga muhula wa pili wa mwaka wa kwanza. Dartmouth husubiri mwaka wa pili. Kwa kijana anayetoka mbali, naupendelea utaratibu wa Dartmouth: atazoea masomo kwanza. Chuo hicho pia hudahili wageni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa.

Cornell nako ndiko ilikoanzishwa Alpha Phi Alpha mwaka 1906, fratenati ya wanafunzi Weusi ambayo Martin Luther King Jr. alijiunga nayo baadaye.

Jambo zito ni mateso wanayofanyiwa wanachama wapya. Yamewahi kuua vijana. Sheria ya Marekani ya 2024 inavitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na hatia hiyo. Someni taarifa hiyo pamoja na mwanenu, na mwambieni wazi: chama kinachomdhalilisha, akiache siku hiyohiyo.