Uchungu wa Muhogo: Kinga ya Mmea, Hatari kwa Mlaji

Utangulizi

Mkoa wa Ruvuma husifika kwa mahindi, na Songea ni mojawapo ya maghala ya nchi. Hata hivyo, katika maeneo mengi ya mkoa huu, hasa mwambao wa Ziwa Nyasa, muhogo ndio chakula cha kila siku na ndio akiba wakati mvua inapokuwa haba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Mbinga, sawa na mkoa wa Mtwara, ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na kwa maisha yote. Kabla ya hapo, mwaka 1985, ugonjwa huo ulikuwa umejitokeza Tarime wakati wa ukame. Makala hii inaeleza kwa nini muhogo una sumu, kwa nini wakulima wanaendelea kuupanda ulio mchungu, na jinsi ya kuiondoa sumu hiyo kabla chakula hakijafika mezani.

Sumu inavyotengenezwa

Mmea hauwezi kumkimbia adui, hivyo hujilinda kwa kemikali. Jeni fulani za muhogo huongoza utengenezaji wa linamarini, hasa katika majani, nayo husafirishwa hadi kwenye mizizi. Linamarini huhifadhiwa ndani ya seli, ilhali kimeng'enya cha kuivunja hukaa pembeni, kwenye kuta za seli. Mnyama anapotafuna, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Mfano wake ni kiberiti: njiti na ubavu wa kasha havina madhara hadi visuguane.

Uteuzi wa asili na uteuzi wa mkulima

Kinga ya namna hii ina gharama, kwa kuwa mmea hutumia chakula chake kuitengeneza. Kwa sababu hiyo, jeni za kinga huenea pale zinapoleta faida na hupungua pale ambapo hasara inazidi. Mfano maarufu ni klova nyeupe, jani la malisho la Ulaya ambalo nalo hutoa sianidi. Katika miaka ya 1950 mtafiti Daday alionyesha kwamba mimea yenye sumu ni mingi katika maeneo yenye joto, na hupungua kadiri majira ya baridi yanavyokuwa makali. Huko ndiko kuzoea mazingira ya mahali: mmea ni wa aina moja, lakini kila eneo limechuja jeni zake.

Kwa muhogo, mchujo huo umefanywa pia na mkono wa binadamu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na kuletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Hupandwa kwa vipande vya shina, kwa hiyo mche mpya hubeba jeni zilezile za mmea uliokatwa. Mkulima anapochagua shina la kupanda, anachagua jeni. Mahali ambapo nguruwe pori, nyani na wezi husumbua, shamba la muhogo mtamu huvunwa na wengine kabla ya mwenyewe. Muhogo mchungu hubaki. Mama anayeupanda hafanyi hivyo kwa ujinga. Analinda chakula cha watoto wake. Kumwambia aung'oe bila kumpa njia nyingine ni kumwachia njaa.

Hatari inapoingia

Hatari huja mambo matatu yanapokutana. Kwanza, ukame huongeza linamarini katika mizizi, hata katika baadhi ya mihogo inayodhaniwa kuwa mitamu. Pili, njaa huifanya familia ifupishe maandalizi: mihogo iliyostahili kulowekwa kwa siku kadhaa hutwangwa, huanikwa kidogo na kuliwa siku hiyohiyo. Tatu, mboga hupungua. Mwili una uwezo wa kuibadili sianidi kuwa kitu chenye madhara madogo, lakini kazi hiyo huhitaji salfa itokanayo na protini. Anayekula ugali wa muhogo bila samaki, dagaa, mayai wala maharage hukosa silaha hiyo.

Dalili na utambuzi

Sumu ya ghafla huanza saa chache baada ya kula: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na udhaifu. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja.

Konzo huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mhudumu wa afya aikumbuke anapoona mambo haya matatu kwa pamoja:

1. Miguu yote miwili imekakamaa kwa usawa wakati mgonjwa anapotembea au kukimbia.
2. Mtu alikuwa mzima, hali ikaanza ndani ya muda usiozidi wiki moja, kisha haikuendelea kuwa mbaya zaidi.
3. Miguu huruka kupita kiasi inapogongwa chini ya goti au kwenye kifundo, wala hakuna dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo.

Ikumbukwe kwamba polio hulegeza misuli, ilhali konzo huikakamaza. Konzo haina dawa ya kuiponya. Mazoezi ya viungo na fimbo humsaidia mgonjwa kujitegemea. Mgonjwa mmoja ni onyo kwa kijiji kizima. Taarifa itolewe wilayani bila kuchelewa.

Kuondoa sumu jikoni

Kuchemsha au kuchoma muhogo mchungu ukiwa mzima hakutoshi, kwa sababu joto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini hubaki. Njia bora ni kumenya, kuloweka kwa siku tatu au nne hadi mihogo ilainike, kisha kuianika. Kisamvu kitwangwe vizuri kabla ya kupikwa.

Ikiwa unga umekwisha kutengenezwa, upo utaratibu uliobuniwa na Howard Bradbury wa Australia:

1. Weka unga katika bakuli na utie alama ndani, usawa wa unga unapoishia.
2. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Acha unapofika kwenye alama.
3. Tandaza unga huo mkekani, unene usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Usiufunike, kwa kuwa sumu hutoka kama hewa.
4. Pika ugali siku hiyohiyo.

Kiwango cha kimataifa kinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja.

Hitimisho

Uchungu wa muhogo ni kinga ya mmea, na mkulima ana sababu ya kuutunza shambani. Wajibu wetu ni kuhakikisha unaishia hapo. Mhudumu anapozungumza na familia, aulize kwanza mihogo iliandaliwa kwa siku ngapi na ililiwa na mboga gani. Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kuokoa miguu ya mtoto.