KIKUZA SAUTI CHA MKONONI: NAMNA YA KUKICHAGUA KWA KANUNI ZA FIZIKIA

Utangulizi

Katika maduka ya vyombo vya elektroniki huuzwa kisanduku kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, ambacho huunganishwa kati ya simu au chombo kingine cha muziki na visikizi, yaani vile vispika vivaliwavyo masikioni. Kisanduku hicho ni kikuza sauti cha mkononi, au amplifaya. Muuzaji hukisifu kwamba huufanya muziki usikike kwa nguvu na kwa usafi zaidi, hata safarini. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni kijana mwenye fedha chache alizozikusanya kwa taabu, hubaki na swali moja: je, sifa hizo ni za kweli?

Jibu ni kwamba sifa hizo huwa za kweli kwa baadhi ya visikizi, na huwa si za kweli kwa vingine. Tena, katika hali fulani kifaa hicho huweza kumletea mwenyewe madhara yasiyoponyeka. Kuzipambanua hali hizo hakuhitaji sikio la mwanamuziki. Kunahitaji kanuni ya Ohm, kanuni ya nguvu ya umeme na maarifa kidogo ya logi, mambo ambayo hufundishwa katika shule za sekondari. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha jinsi kanuni hizo zinavyoweza kumwongoza mtu mbele ya meza ya duka.

Muziki uvaliwao

Mwaka 1958, John Koss wa Milwaukee, Marekani, alionyesha visikizi vya stereo vilivyokusudiwa kusikilizia muziki nyumbani. Mwezi Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, chombo cha kaseti kilichomwezesha mtu kutembea na muziki wake. Baadaye simu ilichukua nafasi ya kaseti. Katika mabadiliko hayo yote sehemu ya mwisho ya safari ya sauti haikubadilika sana: umeme bado hutakiwa kutikisa kiwambo chembamba karibu na sikio.

Kisikizi na kikuza sauti hufanyaje kazi?

Ndani ya kisikizi cha kawaida mna sumaku ya kudumu, koili ya waya mwembamba, na kiwambo ambacho koili hiyo imebandikwa. Mkondo geu unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma na uga wa sumaku. Kiwambo hutetemeka pamoja nayo, hewa husukumwa, na sikio husikia sauti.

Kikuza sauti hakiumbi nishati. Nishati yote hutoka katika betri. Mawimbi dhaifu ya umeme yanayotoka katika simu hutawala transista, nazo transista huruhusu mkondo mkubwa zaidi wa betri kupita kwa kufuata umbo lile lile la mawimbi. Ni kama mkono mdogo ugeuzao bomba: mkono hauyasukumi maji, bali huyaamuru. Kikuza sauti kizuri ni kile kinachotoa umbo lile lile lililoingia, likiwa kubwa zaidi, bila kulipinda wala kuliongezea mvumo.

Namba mbili za kisikizi

Kabla ya kuuliza habari za kikuza sauti, yapasa kusoma namba mbili zilizoandikwa katika karatasi ya kisikizi.

Ya kwanza ni impedansi, yaani jumla ya upinzani wa kisikizi dhidi ya mkondo geu. Hupimwa kwa omu. Vidude vidogo vya kutia ndani ya sikio huwa na omu 16 au 32. Visikizi vya studio huweza kufika omu 250, 300 au hata 600.

Ya pili ni unyeti, yaani ukubwa wa sauti itokayo kisikizi kinapopewa nguvu ya miliwati 1. Hupimwa kwa desibeli. Watengenezaji wengine hutaja unyeti kwa volti 1 badala ya miliwati 1. Vipimo hivyo viwili visilinganishwe bila kwanza kubadilishwa.

Ikumbukwe kwamba desibeli ni kipimo cha logi. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza takriban desibeli 3 tu. Kuongeza nguvu mara kumi huongeza desibeli 10, na kwa sikio la binadamu hilo husikika kama sauti iliyozidi takriban mara mbili. Kwa hiyo kifaa kinachotangazwa kuwa na nguvu maradufu ya kingine hakitoi sauti maradufu.

Hesabu ya mfano

Kampuni ya Beyerdynamic ya Ujerumani imetengeneza kisikizi cha aina ya DT 880 katika matoleo matatu: la omu 32, la omu 250 na la omu 600. Ichukuliwe kwamba kila moja lina unyeti wa desibeli 96 kwa miliwati 1. Ichukuliwe pia kwamba vilele vya muziki, yaani milio mikubwa ya ghafla kama ya ngoma, vifike desibeli 110. Kilele ni cha nukta chache tu. Wastani wa muziki huwa chini sana ya hapo.

Tofauti kati ya 110 na 96 ni desibeli 14. Nguvu inayotakiwa ni miliwati 1 ikizidishwa kwa 10 kipeo 1.4, yaani takriban miliwati 25. Kwa kuwa nguvu ni sawa na mraba wa volteji kugawanywa kwa impedansi, volteji ni kipeuo cha pili cha nguvu iliyozidishwa kwa impedansi. Matokeo ni haya:

Omu 32: volti 0.89, miliampea 28.
Omu 250: volti 2.5, miliampea 10.
Omu 600: volti 3.87, miliampea 6.5.

Nguvu ni ile ile, lakini mahitaji ni tofauti. Kisikizi cha omu nyingi hudai volteji kubwa na mkondo mdogo. Cha omu chache hudai mkondo mkubwa na volteji ndogo.

Sasa ichukuliwe simu inayoweza kutoa volti 1. Kwa kisikizi cha omu 32, volti 1 hutoa miliwati 31, na sauti hufika desibeli 111. Mwenye kisikizi hicho hahitaji kikuza sauti kwa ajili ya nguvu, na fedha yake heri ibaki mfukoni. Kwa kisikizi cha omu 600, volti ile ile hutoa miliwati 1.7 tu, na vilele huishia desibeli 98. Pungufu ni desibeli 12, ambazo maana yake ni kuongeza volteji takriban mara nne. Huyu ndiye anayehitaji kikuza sauti.

Betri huweka mpaka

Katika miaka ya mwisho ya 1990, Chu Moy wa Marekani alichapisha mchoro wa kikuza sauti kidogo ambacho mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu angeweza kukiunda. Kilitumia betri moja ya volti 9, na waundaji wengi walikitia katika kikopo cha bati cha peremende. Katika saketi za namna hiyo ukuzaji huamuliwa na vipingamizi viwili: ni 1 kujumlisha uwiano wa kipingamizi kikubwa kwa kidogo. Kipingamizi cha omu 10,000 na cha omu 1,000 hutoa ukuzaji wa mara 11.

Je, kikopo hicho kingetosha kwa kisikizi cha omu 600 cha mfano wetu? Volti 3.87 ni thamani fanisi. Kilele cha wimbi ni thamani hiyo kuzidishwa kwa 1.414, yaani volti 5.5. Betri ya volti 9 ikigawanywa katikati hutoa volti 4.5 upande wa chanya na volti 4.5 upande wa hasi. Wimbi haliwezi kupita mpaka wa betri. Vilele vyake vitakatwa kama nyasi chini ya fyekeo, na msikilizaji atasikia mkwaruzo. Kuongeza ukuzaji hakusaidii, kwa kuwa kinachokosekana ni volteji ya betri. Kwa omu 250, kilele ni volti 3.5, na kazi hiyo huwezekana.

Vikuza sauti vya siku hizi hutumia betri ya lithiamu ya volti 3.7, na huwa na saketi ya kuipandisha volteji hiyo. Kwa sababu hiyo mnunuzi asitazame ukubwa wa betri pekee, bali aulize: kifaa hutoa volti ngapi, na miliwati ngapi, kwa omu za kisikizi chake? Tangazo linalotaja miliwati bila kutaja omu halina maana.

Upinzani uliojificha

Kila kikuza sauti kina impedansi yake ya ndani upande wa kutolea. Impedansi hiyo na ya kisikizi hugawana volteji. Jambo hili lisingekuwa na madhara kama impedansi ya kisikizi isingebadilika. Lakini katika vidude vingi vya ndani ya sikio hubadilika kufuata marudio ya sauti.

Ichukuliwe kidude chenye omu 16 kwa sauti nzito na omu 40 kwa sauti nyembamba. Kikuza sauti chenye omu 10 za ndani kitakipa 16/26 ya volteji, yaani 0.62, kwa sauti nzito, na 40/50, yaani 0.80, kwa sauti nyembamba. Tofauti hiyo ni desibeli 2.3, nayo husikika waziwazi: muziki hupoteza uzito wake. Kwa kikuza sauti chenye omu 1, tofauti ni desibeli 0.3 tu. Desturi ya mafundi ni kwamba impedansi ya ndani isizidi sehemu moja ya nane ya impedansi ya kisikizi.

Vidude hivyo vyenye unyeti mkubwa hufichua pia mvumo wa kikuza sauti, ule unaosikika kama mchanga umwagikao muziki unaponyamaza. Kwa hivyo ukuzaji mdogo, au swichi ya kuchagua ukuzaji, ni sifa njema.

Visikizi visivyo na waya vina kikuza sauti chao ndani. Kwa visikizi hivyo, vikitumika bila waya, kisanduku cha nje hakiongezi chochote.

Kelele za njiani na uzima wa sikio

Mara nyingi mtu hufikiri kwamba kifaa chake ni dhaifu, kumbe tatizo ni kelele zinazomzunguka. Ichukuliwe kwamba ndani ya basi mna kelele ya desibeli 80, na kwamba msafiri hupandisha muziki hadi desibeli 12 juu yake, yaani 92. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kwa watoto desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu. Kwa desibeli 92 muda huo ni saa 2 na nusu kwa juma zima. Kwa desibeli 101 haufiki dakika 20.

Sababu ya tahadhari hiyo imo ndani ya koklea, ambamo kila sikio lina chembe takriban 15,000 zenye vinywele vinavyopokea mitetemo. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena. Hakuna kikuza sauti kitakachozirudisha.

Msafiri yule akitumia visikizi vinavyoziba sikio vizuri na kupunguza kelele kwa desibeli 20, kelele hubaki 60, na muziki hutosheka kwa desibeli 72. Kwa hiyo mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu huenda akafaidika zaidi na kizibo kizuri cha sikio kuliko nguvu mpya ya umeme. Lakini atembeaye kando ya barabara asizibe masikio, maana honi ya gari ni sauti anayopaswa kuisikia.

Jaribio la haki

Sikio hupenda sauti iliyo kubwa zaidi, hata ikizidi kidogo tu, na hulitafsiri pendo hilo kuwa ubora. Kikuza sauti kikiongeza desibeli 1, mnunuzi atasema ni safi zaidi. Ndiyo sababu jaribio la dukani hudanganya.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili darasani. Achukue mlio wa hezi 400, apime volteji kwenye visikizi kwa kutumia voltimita ya mkondo geu, na asawazishe vyombo viwili hadi volteji zilingane. Mwanafunzi asikilize mara 10 bila kujulishwa ni chombo kipi kinachocheza, na majibu yaandikwe. Asiyetambua tofauti hupata takriban majibu 5 sahihi kwa bahati tu.

Muhtasari

Mnunuzi na aanze kwa kisikizi: asome impedansi na unyeti. Apige hesabu ya volti na miliwati zinazotakiwa, na azilinganishe na zile chombo chake kinazotoa. Ikiwa zinatosha, asinunue. Ikiwa hazitoshi, atafute kikuza sauti chenye volteji ya kutosha, impedansi ndogo ya ndani, mvumo mdogo na betri ya kudumu. Akishakipata, akumbuke kwamba nguvu ya ziada ni akiba ya vilele vya muziki, si ruhusa ya kulipiga sikio.

Maswali

1. Kisikizi kina omu 300 na unyeti wa desibeli 100 kwa miliwati 1. Tafuta volteji na mkondo unaohitajika ili kufikia desibeli 110.
2. Kikuza sauti hutumia miliampea 10 kutoka katika betri ya miliampea-saa 500. Kitafanya kazi kwa saa ngapi?
3. Kwa nini impedansi ya ndani ya omu 10 ina madhara makubwa kwa kisikizi cha omu 16 kuliko kwa kisikizi cha omu 300?
4. Kwa kufuata pendekezo la desibeli 80 kwa saa 40, tafuta muda unaofaa kwa juma kwa desibeli 89.