Boga ni Chakula Kabla ya Kuwa Zimwi

Kila ifikapo Oktoba, barua za wasomaji wetu walioko Marekani na Uingereza hubadilika. Wanaacha habari za bima na viza, wanaanza kuuliza habari za maboga na mafuvu ya plastiki. Safari hii tumemkabidhi barua hizo mtaalamu wetu wa taka, ambaye ametumikia kituo cha mboji jimboni Minnesota kwa miaka tisa.

Tumetoka Uvira, sasa tuko Portland, Maine. Mwanangu amerudi na karatasi ya shule kwamba Oktoba 31 watoto waje wamejigeuza. Hii sikukuu ni ya nini, na ni lazima tununue vitu? – Mama wa watoto wanne

Hapana mama, si lazima ununue hata kimoja. Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huangukia Novemba 1. Asili yake ni kwa Waselti wa Ireland: mavuno yamekwisha, baridi inabisha hodi, na usiku huo wafu waliaminika kutembea. Waairishi walichonga tanipu, zao la mizizi la kushikika kwa mkono mmoja, wakatia moto ndani ili kuwatishia pepo. Karne ya 19 walipohamia Marekani kwa wingi wakalikuta boga, kubwa zaidi na jepesi kuchonga, wakaliachia tanipu kazi ya mchuzi.

Tazama basi vitu vyenyewe: mazao ya shamba, moto, nguo kuukuu. Maduka yamekuja baadaye, ila yamekuja na vishindo. Mwaka 2023 chama cha wafanyabiashara wa rejareja wa Marekani kilikadiria kwamba watu wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sikukuu hii.

Mwanao mtafutie boksi. Likate uso wa fisi, masikio mapana, mdomo uliojaa meno, kamba ifungwe kisogoni. Wenzake kumi watakuja na nguo ya shujaa yuleyule wa sinema. Fisi atakuwa mmoja, na atakuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Mimi Mpemba, niko Milton Keynes. Maboga ya Oktoba ni rahisi sana dukani, lakini nikiyatia nazi yanakuwa maji matupu. Hivi yanalika kweli, au ni ya pambo tu?

Yanalika, dada yangu, ila hayakuzaliwa kwa ajili ya chungu. Aina moja mashuhuri ya kuchonga, Howden, ilitokana na kazi ya mkulima wa Massachusetts aliyeitwa John Howden, miaka ya 1960. Alitafuta umbo la kusimama, kikonyo kinene cha kushikia na rangi ya kung'aa. Utamu haukuwa shida yake. Ndiyo maana nyama ya maboga ya namna hii ina nyuzi na maji mengi.

Kosa ni kulipika kama boga la kwenu Pemba. Nyumbani unatia tui jepesi kwanza, boga liive humo. Hili lisitiwe hata tone la maji. Likate vipande, nyunyiza chumvi kidogo, funika, moto mdogo. Baada ya dakika kumi utalikuta linaelea kwenye maji yake lenyewe. Yamwage hayo, au yaweke kwa supu ya kesho. Hapo ndipo utie tui zito, iliki na sukari kiasi, uliache wazi likauke. Halitakuwa lile la futari ya mama yako, sitakudanganya, lakini wageni watamaliza sahani.

Ukitaka lililo karibu na la kwetu, uliza boga la kijani liitwalo kabocha. Nyama yake ni kavu na tamu, inashikana. Na mbegu usizitupe, za boga lolote lile: zioshe, zianike usiku kucha juu ya kitambaa, zikaange na chumvi.

Lililokwisha kuchongwa na kukaa mlangoni wiki nzima, je? Naweza kulipika?

Hapana. Limeshaingia vumbi, wadudu, moshi na nta ya mshumaa, na ukungu umeanza kabla hujauona. Kuna njia mbili za kuliokoa boga, na zote zinaanza mapema.

Ya kwanza ni kutolichonga. Boga zima lenye kikonyo chake, likiwekwa mahali pakavu penye ubaridi, linakaa miezi. Livishe kofia kuukuu na miwani, libandike macho ya karatasi, litishe watoto watakavyo. Novemba unalivua kofia unalipeleka jikoni.

Ya pili, kama watoto hawaelewi somo bila kisu, ni kupakua nyama kabla ya kuchonga. Kwangua kuta za ndani kwa kijiko kigumu mpaka zibaki na unene wa vidole viwili, na ulichokwangua kiingie friji saa hiyohiyo. Kuta nyembamba hupitisha mwanga vizuri zaidi, kwa hiyo zimwi lako linapendeza na chakula umekipata.

Niko Houston. Takataka zote hapa zinabebwa na gari moja. Boga si litaoza tu huko liendako? Kuna ubaya gani?

Kaka, hapa ndipo kazini kwangu, nivumilie nirefushe kidogo.

Kuoza ni kwa namna mbili. Juu ya ardhi, penye hewa, boga huliwa na vijidudu, funza na minyoo, likarudi kuwa udongo. Ndani ya dampo la kisasa taka hushindiliwa na kufukiwa, hewa haifiki. Vijidudu vinavyoishi huko bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule. Marekani huvuna maboga zaidi ya kilo milioni 450 kwa mwaka. Mengi huenda viwandani kuwa chakula cha makopo, hasa yale ya Illinois, lakini yanayoishia mlangoni mwa watu ndiyo tunayoyaona sisi Novemba, yamelegea kama maputo yaliyotoka upepo. Kwa jumla, chakula ni karibu robo ya vitu vinavyofukiwa katika madampo ya nchi hii.

Jimbo la Vermont lilipiga marufuku mabaki ya chakula kwenye taka za kawaida mwaka 2020. Kwako hakuna gari la mboji, lakini bila shaka kuna ardhi. Toa mshumaa, kwangua nta, katakata kwa sepeto, fukia kina cha mkono chini ya majani makavu. Mbegu zitoe kwanza, la sivyo mwakani utakuwa na shamba. Mwenye mbuzi au kuku atakushukuru pia, mradi boga halikupakwa rangi wala dawa ya kufulia, ambayo wengine hupaka lisioze. Msituni usitupe: si chakula cha kawaida cha wanyama wa huko, na huwavuta hadi kando ya barabara.

Binti yangu anataka gauni la malkia, dola 15 tu. Likishavaliwa nitalitia kwenye sanduku la misaada, liende kwa wenye shida. Hapo taka iko wapi? – Baba, Dallas

Taka itasafiri tu, mzee. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Hubbub na Fairyland Trust, yalichunguza mavazi ya Halloween madukani na kukuta asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki inayotokana na mafuta, hasa poliesta. Halifuliki mara tatu gauni lile.

Na nguo nyingi za masanduku hayo huuzwa ng'ambo. Niliwahi kusimama Gikomba, Nairobi, belo la nguo za watoto likifunguliwa. Ilitoka suti nyeusi yenye mifupa meupe iliyochapwa kifuani, ya mtoto wa miaka sita hivi, karatasi ya bei ingali shingoni. Mama mwenye kibanda aliifinya kwa vidole, akaiinua juani, ikaonyesha upande wa pili. Akaitupa kwenye lundo la miguuni pake bila kusema neno. Lundo hilo halipati mnunuzi.

Gauni aazime kwa binti wa jirani aliyekua, au mnunue mtumba hukohuko Dallas, kisha mumpe mwingine kwa mkono. Ushungi wa mama na taji la boksi vinatosha malkia. Ila tusiyageuze mavazi ya watu, kanzu au shuka la Kimasai, kuwa kinyago cha kuchekesha.

Utando wa buibui wa kunyoosha kwenye vichaka: mnasemaje?

Usinunue. Ni nyuzi za poliesta, na ndege, popo na hata bundi hunaswa humo. Kama umeshaununua, uweke ndani ya nyumba na uutunze kwa mwakani.

Na pipi za kuwapa watoto wanaopita nyumba kwa nyumba usiku huo?

Hapa sina muujiza. Karatasi zake ni tabaka za plastiki na metali zilizogandishwa pamoja, na mapipa mengi ya kurejeleza hayazipokei. Zabibu kavu za boksi dogo la karatasi ni afadhali, penseli pia. Vichezeo vya plastiki vya senti tano ni vibaya kuliko pipi, kwa sababu pipi angalau huliwa.

Nimechelewa kusoma. Leo ni Novemba 2, mtaa mzima una maboga nje. Nifanye nini?

Vaa koti, upite nyumba kwa nyumba kama watoto wa juzi. Omba yale ambayo hayakuchongwa. Watu hukupa kwa furaha, maana wanawaza jinsi ya kuyabeba. Mwaka jana nilipata saba kwa jioni moja, matano yakaliwa nyumbani na mawili nikawapa majirani Wakongo. Ulizia tu gari la taka linapita siku gani mtaani kwenu, na utangulie.