Katapila Kuukuu na Kanuni ya Pascal

Katapila lililotumika miaka mingi huanza kuonyesha udhaifu: bamba lake la kusukumia udongo hupanda polepole, hutetemeka, au huteremka lenyewe. Mwandishi aliwahi kuona katapila moja likifungwa pampu mpya kwa fedha nyingi, na udhaifu ukabaki uleule. Kumbe chujio lilikuwa limeziba. Mvua zikaanza kabla barabara haijakwisha. Fizikia ya sekondari ingaliweza kuzuia hasara hiyo.

Kanuni

Blaise Pascal (1623–1662), mwanasayansi wa Ufaransa, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Kwa hiyo, kani ya pistoni ni kanieneo mara eneo. Pistoni yenye kipenyo cha sentimeta 10 ina eneo la sentimeta za mraba 78.5. Kanieneo ikiwa paskali milioni 10, kani itakuwa nyutoni 78,500, yaani takriban uzito wa tani 8.

Mwendo ni jambo jingine. Pampu ikitoa lita 60 kwa dakika, pistoni hiyo itakwenda sentimeta 12.7 hivi kwa sekunde. Basi tukumbuke: pampu hutoa mtiririko, kanieneo hutokea pale mtiririko unapokutana na kizuizi.

Dalili na sababu

1. Bamba hupanda polepole hata bila mzigo. Mtiririko hautoshi. Tazama kwanza kiasi cha mafuta, kisha chujio, na mwisho pampu.

2. Bamba hupanda vizuri likiwa tupu, lakini hushindwa mzigo. Kanieneo haifikii kiwango. Huenda vali ya usalama inafunguka mapema kwa sababu ya springi iliyolegea au uchafu. Udhaifu ukizidi mafuta yakipata moto, shuku pampu iliyolika: mafuta mepesi huvuja ndani yake kwa urahisi.

3. Bamba huteremka lenyewe baada ya kuinuliwa. Pampu haina hatia. Mafuta yanapita kwenye mipira ya pistoni au kwenye vali ya kuongozea.

4. Bamba hushtukashtuka, na mafuta yana povu. Hewa inaingia upande wa kufyonzea wa pampu. Tundu hilo huenda lisidondoshe hata tone, maana kanieneo ya hapo ni ndogo kuliko ya hewa ya nje.

Tahadhari

Kabla ya kufungua chochote, teremsha bamba hadi chini, zima injini, kisha sogeza mikono ya kuongozea ili kanieneo iishe. Usitafute tundu kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Mafuta yenye kanieneo kubwa hupenya ngozi, na jeraha hilo, hata likiwa dogo, lapasa kupelekwa hospitali mara moja.

Zoezi

Pampu iliyotajwa hapo juu sasa inatoa lita 30 tu kwa dakika. Pistoni itakwenda kwa mwendo gani? Je, ni lazima kani yake ipungue? Eleza.